Bwana Nge

Alikuja Kirumba na baiskeli na daftari,
Omerodi, Mwingereza mrefu, mpangaji wa Isamilo
kule juu yalikopandana mawe
kana kwamba aliyeyapanga alighairi katikati.
Kazi yake mantiki.
Ndiyo nini hiyo? nikauliza, nikigeuza dagaa.
Kujua lipi linafuata lipi, akasema.
Nikacheka. Hata vifaranga vya bata wanalijua hilo.

Miaka ishirini alitafuta kitu kimoja:
namna ya kusema kweli juu ya lisilotokea.
Kwa lugha yake kilimgharimu kurasa arobaini,
mishale, mabano, herufi zilizosimama kwa kichwa.
Kisha akatusikia sisi wa Mwaloni
tukipitisha mzigo wote huo kwa silabi moja, *nge*,
akakaa juu ya ndoo yangu kama aliyepigwa na jua.

Watoto wakasikia mzungu anatafuta nge.
Wakamletea, ndani ya kopo la maziwa,
mkia juu.
Akawalipa. Jina likamganda.

Jumanne moja akaniomba mfano.
Nikatazama mbingu, nyeupe kama bati jipya,
nikasema: Mvua ingenyesha, dagaa hawa wangeoza.
Akaandika polepole, akapiga mstari chini.
Kweli kabisa, akasema. Kweli hata isiponyesha.

Jumatano ikanyesha.

Magunia matatu. Karo ya Lushinge, muhula mzima.
Alhamisi akaja, daftari hakulifungua.
Alishika koleo, tukazoa uvundo ule
kuwauzia wafuga kuku kwa bei ya aibu,
na viatu vyake vya ngozi, nasikia,
vilinuka mpaka siku aliyopanda ndege.

Mwaka huu mjukuu wangu Sayi kaleta kitabu.
Mwenyewe keshakufa, huko kwao, mapafu.
Ukurasa wa mia mbili na sita, katikati ya mishale,
sentensi yangu imekaa kwa Kiswahili chake, haikuguswa.
Chini yake: *muuza samaki mmoja, Mwanza.*
Samaki! Nilimwambia mara ngapi, dagaa ni dagaa.

Nilitaka kukasirika.
Angeongeza neno moja tu: ilinyesha.
Lakini jioni namwambia Sayi, hebu soma tena,
maana humo ndani ni Jumanne bado,
mbingu bati, dagaa wangu kichanjani wakavu wanalia kama majani,
na Lushinge anafunga kamba za viatu, anachelewa shule.