Chupa ya Riali Kumi na Mbili

Agnelo ndiye mwenye kibali,
kwa hiyo ndiye aliyeingia dukani, Wadi Kabir,
akatoka na mfuko mweusi usiosema kitu.
Tulichanga: nne zangu, nne za Tharindu, nne zake,
na baisa mia tano za kumalizia
tulizookota chini ya kiti cha gari.

Nimewamiminia wageni miaka sita,
ghorofa ya tisa, hotelini Ruwi.
Nawajua wanywaji kwa vidole vyao:
huyu anagonga meza, yule anafunika glasi kwa kiganja
kana kwamba mna kifaranga ndani.
Bei nazijua kwa kichwa. Ladha, sijui.
"Matunda makavu, bwana, na mwisho mrefu,"
nasema, nikikumbuka karatasi ya meneja,
nao wanaitikia kama nimetabiri mvua.

Leo ni zamu yangu kukaa.

Chumbani Al Khuwair mashine ya baridi inakohoa.
Nje, Agosti imelala juu ya lami kama ng'ombe mgonjwa.
Glasi hatuna. Kuna vikombe viwili vya kahawa
na chupa ya jemu, ambayo ni yangu.
Tharindu anasoma lebo polepole, kama barua ya korti:
shayiri tupu, kiwanda kimoja,
miaka minane katika pipa la mwaloni,
kisha miezi sita ya mwisho
katika pipa lililokuwa la mvinyo mwekundu.
"Miezi sita tu," anasema, "na tazama rangi."
Tazama rangi:
chai kavu iliyosahaulika dirishani,
na wekundu usioonekana
mpaka uinyanyue kwenye taa.

Agnelo hawezi kuacha jambo likapita hivi hivi.
"Sisi pia, Mghoi. Tumelelewa kwingine,
tukaja kumaliziwa hapa."
Nikamwambia ngoja.
Wiski haipigiwi simu tarehe ishirini na nane
kuulizwa karo.
Pipa halikuichukua pasipoti ya mvinyo
likaifungia sefuni.
Kunywa.

Nilifumba macho kwa sababu wao hufumba.
Moto ukanipanda puani, nikapiga chafya, wakacheka.
Nikaongeza matone matatu ya maji kwa kifuniko
(hilo nalijua, hilo ni kazi)
na chupa ya jemu ikafunguka:
zabibu zilizosahaulika mfukoni mwa koti,
ganda la chungwa juu ya kaa,
ngozi ya kiatu kipya siku ya kufungua shule.
Ulimini, asali. Halafu asali ikajiondokea
ukabaki ukakasi, ule wa zambarau mbichi,
unaokausha ufizi na kuuacha ulimi ukijitafuta.
Mvinyo uko hapa, nikasema. Si kwenye utamu.
Hakuna karatasi iliyoniambia.

Si wiski kubwa, lazima niseme.
Mwisho wake unakatika kama simu iliyoishiwa salio,
na katikati pana mahali patupu
ambapo mwenye chupa ya riali themanini angeinua nyusi.
Lakini pale patupu ndipo alipoingia
shangazi Malemba, Wundanyi, akichuja mbangara
katika kibuyu kilekile cha kila msimu.
Hakukiosha kwa sabuni hata siku moja.
Sabuni, alisema, hukifanya chombo kisahau.
Nilidhani ni uvivu. Nilikuwa na miaka tisa,
nilikuwa najua kila kitu.

Saa saba usiku Tharindu alichora mstari kwenye lebo
palipofikia wiski, akaandika tarehe,
akatutazama mmoja mmoja kama askari wa forodha.
Kesho mgeni akiniuliza
nitaiacha karatasi ya meneja droo ya chini.
Zambarau mbichi, bwana, nitasema. Kiatu kipya.
Akikataa, sawa, ulimi ni wake.

Vikombe aliosha Agnelo, kwa povu jingi.
Chupa ya jemu niliisuuza kwa maji matupu,
nikaifunika,
nikaiweka juu ya kabati.