Ukurasa wa Mwisho

Mama aliisoma darasa la sita, Igowole,
hadithi fupi ya karani wa chai
aliyekutwa kalalia daftari lake la mizani,
wino mbichi, mlango umekomewa kwa ndani.
Ukurasa wa mwisho haukuwepo.
Babu yake, wala hakukana,
alikuwa ameusokotea tumbaku,
akalivuta jina la muuaji
mpaka likamuunguza vidole.

Miaka arobaini na saba mama akakaa na maiti ile.
Akichambua maharage, alimshuku mpishi.
Akipalilia viazi, mke wa meneja.
Siku tulipomzika baba, watu wangali wanakula,
aliniinamia sikioni:
"Ni mpima mizani. Nani mwingine
alijua daftari linasema nini?"
Nikadhani ni uchungu.

Sasa wameiigiza kwenye televisheni.
Jumapili, saa tatu usiku, Oresto kapanda batini
kulinyoosha dishi. Jiko la mkaa katikati ya sebule.
Mama kavaa koti la kanisani
kama anayeitwa kutoa ushahidi.

Inspekta ni kijana, viatu vyake havijui tope.
Anapita katikati ya chai yetu, kola kaisimamisha.
"Ukungu huo ni wa kweli," mama akasema,
"huo hawakununua."
Kisha hakusema tena
mpaka Inspekta aliponyoosha kidole:
Daktari!
Mpima mizani hana hatia. Usiku ule
alikuwa kilabuni anakunywa ulanzi mtamu,
umegemwa asubuhi ileile,
na mashahidi anao watatu.
Muziki. Majina yakaanza kupanda.

"Karani aliuawa lini?"
"Mama, imekwisha."
"Lini?"
Julai, nikasema. Kalenda ilikuwa ukutani kwake, tuliiona.
"Julai."
Nje sakitu ilikuwa inakaa juu ya kabichi.
"Julai mlanzi umelala. Hautoi hata tone.
Huo ulanzi mtamu kaugema nani, baridi hii?
Mashahidi watatu, waongo watatu."

Oresto akacheka. Bibi, hao wametoka Dar,
watajuaje msimu wa mianzi?
"Wao hawajui," mama akasema. "Mpima mizani je?"

Akaenda sandukuni, akakitoa kitabu,
mgongo umeliwa na mende, kisiki cha ukurasa kingalipo.
Akaibandua Julai yetu ukutani,
ingawa ilikuwa imebakiza siku kumi na moja,
akaikata kwa wembe kwa kipimo cha kitabu,
akaishona kwa uzi mweusi wa magunia.
Upande ule mweupe akaandika
polepole, mwandiko wa darasa la sita,
mkono wa kushoto umefunika maneno
kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu.

Asubuhi Oresto akauliza leo tarehe ngapi.
Kaangalie kitabuni, nikamwambia,
nyuma ya muuaji.