Sekunde Tano

Waliniita niwashe simu mpya,
Chumbageni, ghorofa ya pili, kampuni ya mkonge.
Sanduku jeusi, unene wa kitabu cha stakabadhi,
likakaa ilipokuwa meza ya Bi Mwanamvua Shekiondo,
aliyestaafu Machi, na mto wa kiti akaondoka nao.

Kazi yenyewe imegawanyika hivi:
kuna kadi, kipande cha kijani chenye meno ya dhahabu;
waya wa shaba unaopanda kutoka barabarani unaishia kwake.
Kadi haijui neno. Umeme ukishtuka
inasema: kuna mtu.
Basi. Yaliyobaki ni ya programu,
isiyo na mkono wala sikio,
inayofuata mistari niliyoiandika usiku
kama mgeni anayehesabu mitaa Ngamiani:
Barabara ya Kumi na Moja, ya Kumi na Mbili, hapa, piga hodi.
Mauzo, mia na moja. Ghala, mia na tano.
Wasipofungua, rudi njia kuu.

Wiki ya kwanza nikafungua kumbukumbu.
Namba moja, ya Muheza, mara kumi na nne:
imepokelewa, haikuchagua, imekatwa.
Nikashuku kadi. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Nikapima waya. Nikabadili kichwa cha waya.
Kumi na tano.

Alhamisi nikavaa visikilizio, nikamngoja.
“Karibu. Kwa mauzo, bonyeza moja…”
“Ahsante mwanangu, nishakaribia. Hamjambo hapo?”
“…kwa ghala, bonyeza mbili…”
“Sie wazima. Mvua imetuchapa, ila wazima. Shemeji mguu bado.
Na Mwanamvua, hajambo?”
“Samahani. Hujachagua.”
“Wasemaje, mama?”
Kisha ule mlio.

Sekunde tano. Ndizo nilizompa,
kwa vidole hivi, wala sikufikiri.
Nilikosomea, mpiga simu ana shida yake tayari mdomoni.
Hapa shida huja mwisho, imefunikwa kawa,
baada ya watoto, baada ya mvua.

Nikafuta tano, nikaandika thelathini.
Chini yake mstari mmoja zaidi:
asiyebonyeza kitu, mpeleke mia na tano,
ghalani, kwa Semkiwa,
ambaye meneja amemwandikia barua mbili
kwa wingi wa maneno.

Programu haikuuliza kwa nini.
Ijumaa, saa nne, kadi ikashtuka.
Nikasikia chini ya sakafu:
“Alaa! Muheza! Mwaamkaje huko?”
Taa ya kijani ikawaka, ikawaka,
dakika kumi na moja.

Alipopanda kutafuta kalamu
nikamwuliza yule alitaka nini.
“Nani?”
“Wa Muheza.”
Akakuna shingo.
“Kamba. Marobota… nadhani sita, nitampigia.
Lakini shemeji yake, sikia, jana kakanyaga.”