Saa Moja ya Kelele Ndogo

Barua ya kwanza ya Kettunen wa ghorofa ya chini
ilikuwa na adabu: Mbwa wako analia.
Ya pili ilikuwa na saa:
tangu kumi na moja alfajiri hadi saba mchana.
Ya tatu, neno moja tu,
na wino ulikuwa umetoboa karatasi.

Nappi, ulikuja kwangu na miaka mitano mwilini,
kutoka kwa watu waliohama bila kukuaga.
Nikigusa funguo, unatetemeka.
Nikivaa buti la kushoto, unajua la kulia linafuata,
na baada ya la kulia ni mlango,
na nyuma ya mlango dunia haina mtu.
Fremu umeiguguna hadi mbao ikawa nyeupe kama mfupa.

Mimi naendesha tramu. Siwezi kuwaambia abiria wa Hervanta
wangoje kwenye theluji kwa sababu yako.

Saimi, daktari wa mifugo, alisema: jaribu sauti.
Nikakuwekea kinanda cha taratibu;
ukalia ukikifuatisha, juu kikipanda, chini kikishuka.
Nikakuwekea mvua;
ukakojoa kwenye zulia.
Nikakuwekea redio, mtu akisoma hali ya barafu ziwani;
ukambwekea kila alipovuta pumzi.
Nikanunua mapigo ya moyo, ya kubembelezea watoto wachanga,
na kamera ikanionyesha ukiitazama spika
kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni
aliyekalia kiti chake.

Jumapili moja niliiweka simu juu ya kabati la vyombo,
nikabonyeza duara jekundu, nikaisahau.
Jumatatu nikakuachia hiyo, irudie na kurudia.
Kituo cha mwisho, saa moja kasoro, gizani,
nilifungua kamera nikijiandaa kwa aibu:
ulikuwa umelala ubavu, miguu minne imenyooka,
kama stuli iliyoangushwa.

Jioni nikaisikiliza.
Nilitaka kujua nimekuachia nini.

Kwaru, kwaru: namenya viazi.
Friji inanguruma, inanyamaza,
inakumbuka kitu, inanguruma tena.
Ng'wii, kijiko kinaanguka. "Shetani," nasema, bila hasira.
Soksi zangu sakafuni, fwa, fwa.
Kikohozi, viwili vifupi na kirefu kimoja,
kumbe nimerithi kikohozi cha baba.
Halafu sauti ya mwanamke, nzito kuliko nilivyodhani:
"Sogea basi, mzee."
"Umeshakula wewe."
"Ona, theluji tena."
"Haya."

Miaka tisa, tangu Raimo aondoke
na masanduku mawili na mashine ya kahawa,
nimewaambia watu kwamba kwangu ni kimya.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa;
haisemwi kwamba mshindo wenyewe
huweza kuwa unamenya viazi.

Dakika ya arobaini na mbili kuna kitu ambacho si changu.
Kucha zako, ti-ti-ti-ti, zinakuja kutoka sebuleni.
Zinasimama. Unashusha pumzi ndefu
na mwili wako unafika sakafuni, puu.
Kisu kinatulia.
Kwa muda wa taa nyekundu moja
hakuna anayefanya lolote.
Nimeirudisha sehemu hiyo mara nyingi
kuliko ninavyotaka Saimi ajue.

Barua ya nne haijaja.
Jana nilikutana na Kettunen kwenye ngazi, na mfuko wa chupa tupu.
Alivitazama viatu vyake.
"Viazi," akasema. "Kila siku? Alfajiri yote ile?"
Nikasema ndiyo.
Akafikiri. Akapanda ngazi mbili, akageuka.
"Na yule Shetani?"
"Ni kijiko," nikamwambia.