Mkono wa Kuazima

Mwalimu Ambrosi alitufundisha hivi:
kiganja kwa kiganja, kidole kwa kidole,
ncha zitazame juu kama paa la kanisa.
Vidole vyangu vilikuwa bado kumi.

Halafu ikaja korona.
Si ule ugonjwa, huo ulikuja baadaye na barakoa zake.
Nasema mashine, ile ya kiwandani, iliyomeza mkonge
na kutema singa nyeupe upande wa pili.
Zamu ya alfajiri, tita la tatu, jani moja likagoma.
Nikalisukuma.
Vidole vitatu vya kulia vilikwenda na singa,
na msimamizi, Mungu amrehemu, alizima mashine
kabla haijauliza habari za bega.

Nilirudi Pongwe kutoka Bombo
na bendeji kubwa kama kichwa cha mtoto.
Usiku nikajaribu. Upande mmoja paa, upande mwingine gofu.
Nikamwambia Sesilia: nyumba hii inavuja, sisali tena.
Hakunihubiria. Aliweka ungo wa mchele chini,
akaleta mkono wake wa kulia, unanuka vitunguu,
akaubandika kwenye wangu wa kushoto.
"Azima," alisema. "Utarudisha."

Miaka ishirini na sita niliazima.
Tuliomba hivyo ada ya shule. Tuliomba mvua.
Tuliomba paka arudi
(alirudi, na tumbo la watoto wanne).
Tuligombana tukiwa tumeshikana:
yeye akitaka tuwaombee wenye kiwanda,
mimi nikitaka waombewe na mama zao.

Kisha mkono ukaondoka. Ulikwenda mwezi wa pili,
nami sikuwa nimerudisha kitu.

Mwaka mzima nilikaa kanisani
kama mwavuli uliosahauliwa na mwenyewe.
Amina niliwaachia wengine.
Nyumbani nilisokota kamba za kufungia mbuzi,
maana kusokota hakudai imani,
kunadai tu mtu wa kushika ncha ya pili.
Ncha ya pili alishika Mbelwa wa jirani, miaka tisa,
meno mawili hana, maswali hayamwishi.

Jumanne ile mama yake alipakiwa kwenye bajaji,
mimba ya miezi saba, kanga imelowa.
Mbelwa akaachwa kwangu
na pande la fenesi la kumnyamazisha.
Alikula. Alishika ncha. Akaiachia.
"Babu, muombee."
"Sina mkono wa pili."
Alinitazama kama anayehesabu chenji.
"Mimi ninayo miwili."
Akanibandika mmoja, umejaa utomvu.

Sikuwa na maneno, yalishaota kutu.
Nilisema, Bwana, ni mimi, wa gofu.
Nilisema, Agripina.
Nikakwama.
"Na mtoto," Mbelwa akanisukuma.
Na mtoto.
"Na bajaji isizime kwenye kilima."
Na bajaji.
Amina ikanitoka kabla sijairuhusu.

Tulipotaka kuachana, tulishindwa.
Utomvu ulikuwa umetugandisha,
kiganja kwa kiganja, kidole kwa kidole,
na Mbelwa akacheka mpaka akajikojolea kidogo.
Tukaenda jikoni hivyo hivyo
kama wezi wa pingu moja,
kutafuta mafuta ya alizeti ya kujibandulia.

Sikwambii kwamba yote yalinyooka.
Agripina yupo, amekonda.
Kichanga kiko Bombo, kwenye kisanduku cha joto,
kilo moja na robo;
jana kilinyonya, leo kimekataa.
Kila jioni, vumbi la saruji likitua juu ya mabati,
Mbelwa huingia bila hodi na kunyoosha mkono.
Huwa ameuosha kwa sabuni.
Namwambia, siku nyingine
usiuoshe sana.