Shubiri Moja na Nyanda Mbili

Miezi minne nimeijenga ndege hii
nukta kwa nukta, chumbani, Chaani,
feni ikizungusha joto lile lile,
na bado ilikuwa na kasoro nisiyoijua jina.

Ribiti nilizihesabu. Kutu ya chini ya mlango
niliipaka mahali pake hasa.
Hata doa la grisi kwenye gurudumu la kushoto
lilikuwapo.
Lakini nikiirusha kwenye skrini,
ikikata kona juu ya Port Reitz,
naona mtu aliyeazima koti la kaka yake.

Shangazi Nyamvula akaingia na mahamri,
akainama, akatazama, akacheka:
"Hino umeipa kichwa cha kambare."

Miaka kumi na tisa alifagia ndani ya ndege kama hiyo,
ikienda Lamu na kurudi na mchanga kwenye zulia.
Urefu wake kwa mita haujui.
Anajua kiwiko chake kiligonga wapi,
na ni kiti cha ngapi alipolazimika kuinamisha shingo.
"Ujia ulinitosha mimi, ndoo ikawa mbele.
Mimi na ndoo sambamba, haiwezekani.
Dirisha? Shubiri moja na nyanda mbili.
Kitambaa unapitisha mara mbili,
ya tatu ni ya kumfurahisha msimamizi."

Nikachukua rula, nikaupima mkono wake
kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho:
sentimita ishirini na moja.
Nikazirudia picha zangu.

Picha ndizo zilizonihadaa.
Aliyezipiga alisimama karibu mno na pua,
na lenzi ya simu, kama watu wengi tu,
humkuza aliye karibu
na aliye mbali ikamsahau.
Mkia ulikuwa mrefu kuliko nilivyoonyeshwa.
Pua nyembamba. Bawa lilitaka kurudi nyuma,
si sana, dhiraa moja.

Nikapunguza. Nikapunguza tena.
Ukiigusa pua, dirisha la rubani linakwenda kombo;
ukilinyoosha dirisha, injini zinaonekana zimevimba;
ukizikondesha injini, rafadha zinakaribia kukwaruza mbavu.
Ni ubeti huu: ongeza silabi moja kwenye ukwapi
uone utao unavyochechemea.
Hakuna kipimo kinachoishi peke yake.

Saa nane usiku stima ikapotea.
Nikabaki nimekaa, jasho likinitiririka mgongoni,
vidole vimetanuka mezani, napima giza.
Ndipo moja ya kweli ikapita juu, inashuka,
mabati yakatetemeka na kijiko ndani ya kikombe.
Sikuiona. Lakini sauti ilichukua muda
kupita kutoka ukuta huu hadi ule,
na muda ule, nikajiambia,
ndio urefu.

Asubuhi nikamketisha Shangazi kwenye kiti changu.
Ndege ikakimbia, ikainua pua, ikaacha ardhi.
Hakucheka.
Akakisogelea kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu,
akanyoosha kidole kwenye dirisha la nne:
"Hapa palikuwa na ufa mdogo. Usiutie.
Nilimwambia msimamizi, hakusikia."
Kisha, baada ya kimya:
"Na nyumba yetu iko wapi?"

Nikatazama chini ya bawa.
Chaani ilikuwa kitambaa cha kijani kilichotandazwa,
miti ya nchi isiyo na joto,
barabara moja nyeupe isiyokwenda kwa mtu yeyote.
Si banda la kuku, si tangi letu jeusi la maji,
si kamba yake ya nguo.

Nikaitafuta tepu, tukatoka nje.
Tukaanza na mlango: pima moja na shubiri.
Ameshika ncha yake juu ya kizingiti, kanga begani,
jirani anatushangaa,
naye ananikaripia:
"Vuta! Hiyo yako imelegea."