Binti Fulani

Kitabu cha historia kimempa mstari mmoja,
ukurasa wa tisini na mbili, chini ya ramani:
"Sultani akamwoza amiri binti yake, vita vikakoma."
Basi. Aya inayofuata inahusu ushuru wa chumvi.

Juni, Iringa. Madirisha ya Kidato cha Tatu
yameziba ukungu, jiwe la Gangilonga halionekani,
wasichana wamevuta mikono ya sweta hadi kwenye kucha
na mimi naandika kwa chaki inayokatikakatika:
Ndoa za kisiasa. Sababu nne. Matokeo matatu.

Atupokile wa dawati la nyuma, mtoto wa Tukuyu
ambaye tangu Januari hajauliza kitu,
akainua mkono nusu.
"Mwalimu, alikuwa anaitwa nani?"
"Nani?"
"Huyo vita-vikakoma."

Darasa likacheka. Nikafungua kitabu nimtafutie.
Amiri ana jina, na jina la baba yake, na lakabu mbili.
Lango la mji lina jina.
Farasi wa amiri ana jina, wallahi, farasi!
Yeye ni binti.

Nikawaambia, funikeni vitabu.
Nikawaambia nisiyoyajua:
kwamba alikuwa na miaka kumi na sita na jino bovu,
kwamba khadhi alimsomea mahari, ngome mbili na kisima,
naye akauliza kisima kina maji au kinatajwa tu;
kwamba safari ilichukua siku arobaini
na kila kituo aliandika barua, moja kwa baba,
moja kwa mama, na hizo mbili hazikufanana.
Kwamba mumewe alipigana mchana na kusikiliza usiku.
Kwamba muhuri wake ulikuwa mdogo kama punje ya uwele
na wanaume wazima waliungoja ukumbini, viatu mkononi.

Kengele ikalia. Hawakuinuka.

Kwa hiyo nikawaambia na ninayoyajua.
Bibi yangu Semhongole, akichambua maharage kule Kalenga,
alisimulia juu ya mama wa mama yake,
aliyeletwa kutoka Usangu, kiangazi, Ruaha ikiwa magotini,
mbele ng'ombe kumi na wawili, nyuma yeye,
ili watwa wawili waache kuchomeana maghala.
Alikuwa mke wa tisa. Siku saba hakula cha kwao.
Amani ilidumu misimu mitatu,
kisha kaka zake wakaja usiku na mioto.
Asubuhi wazee wakamzunguka, mikuki chini bado,
wakamuuliza: wewe ni wa nani?
Akaendelea kusonga ugali. Akasema:
"Mimi ndiye ninayejua mlango wa nyuma
wa boma hili, na wa lile."

Hakuna aliyemgusa. Hata kuni,
tangu siku hiyo, alipelekewa.

"Na yeye alikuwa anaitwa nani?" Atupokile tena.

Nikafungua mdomo.
Sisi tumemwita Msangu wetu.
Watu wanne, vizazi vinne, Msangu wetu,
na tambiko tunamfanyia, na pombe tunammwagia,
tukiliita kabila lake kama mtu anayeita ng'ombe kwa rangi.
Nikasema: nendeni mkale, maharage yanapoa.

Sasa ni usiku, nasahihisha mtihani wa muhula.
*Taja matokeo matatu ya ndoa za kisiasa.*
La kwanza amani, la pili biashara, wote wamepata.
La tatu, Atupokile kaandika kwa mwandiko wa kulala:
"Watawala walilala vibaya, kwa sababu
mtu mmoja alijua milango ya nyuma."

Mwongozo wa kusahihisha hauna jibu hilo.
Nimekaa nalo mpaka chai ya maziwa imefanya utando.
Nimempa alama zote, na moja ya kuiba.
Halafu, pembeni, kalamu nyekundu ikikwaruza,
sijui nilikuwa namwandikia nani:
*Jina lake?*